Chumvi ya kichekesho: ikizidi vipi watu wanacheka, na ikizidi vipi inageuka matusi?

MwanaIsevya (mleta mada)

Wakuu, mwangaluka.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Tabora mjini kimegawanyika. Upande mmoja unasema kichekesho lazima kivuke mpaka: mchoyo awe mchoyo wa kutisha, mlevi alewe mpaka aibu, mfiwa alie mpaka jeneza litikisike. Upande wa pili unasema ukizidisha, watu wazima wananuna na watoto wanatolewa ukumbini. Kila upande una mifano.

Naomba wajuzi watueleze kifundi. Jambo la kuchukiza linafikaje mahali watu wanashika mbavu? Tafadhali, "inategemea na hadhira" tumeshaisikia.

---

Fundi wa Chumvi (Kigoma)

Mkuu, mnabishania kiasi, na kiasi hakina kosa. Unaweza kuzidisha mara elfu ukumbi ukaanguka, ukazidisha mara mbili ukatolewa na mgambo. Angalieni unazidisha *nini*. Naweka mfano mezani tuupasue.

> Mzee bahili wa Katubuka kanunua dagaa Kibirizi. Mmoja. Kamfunga uzi, kamning'iniza juu ya meza, taa nyuma yake. Familia ya watu sita inakula ugali kwa kuchovya kwenye kivuli. Mtoto wa mwisho kachovya mara mbili, mzee kamkata jicho: "We! Wenzako wale nini?" Usiku wa Ijumaa kaja mgeni. Mzee kasogeza taa karibu na dagaa, kivuli kikawa kikubwa. Mke kamnong'oneza: "Baba Shabani, leo umetumia sana." Alipofariki, wosia ulikuwa mstari mmoja: dagaa arudishwe Kibirizi, hajatumika.

Hesabuni uongo uliomo. Upo mmoja tu: kivuli kina ladha. Baada ya hapo sijadanganya tena. Kama kivuli kina ladha, basi kinagawanywa kwa watu sita. Kama kinagawanywa, anayechovya mara mbili ni mwizi. Mgeni akija, kitoweo kinaongezwa, na taa ikisogezwa karibu na kitu, kivuli chake hukua kweli, hata mtoto wa shule anajua. Na kama kilicholiwa ni kivuli, dagaa mwenyewe ni mpya. Msikilizaji akishakubali uongo wa kwanza, mlango wa kutokea umefungwa.

Ndiyo hesabu ya Abunuwasi na sufuria. Jirani alipokubali kwamba sufuria yake imezaa, akachukua na mtoto, siku alipoambiwa imekufa hakuwa na la kusema.

La pili: tabia inayozidishwa ni moja, ubahili. Mzee huyu halewi, hagombani na mtu, hana hirizi. Ukimwongezea hata ulevi tu, hadithi inakuwa na vichwa viwili na kila kimoja kinavutia kwake.

La tatu ndilo wengi hulikosa. Ndani ya hadithi hakuna anayeshangaa. Mke halalamiki kwamba wanakula kivuli, analalamika kwamba leo kimetumika *sana*. Kicheko kikubwa kinatoka hapo kwa sababu jambo la kichaa limejibiwa kwa manung'uniko ya kawaida ya jikoni. Mngedhani kuning'iniza dagaa ndiko kungechekesha zaidi, ila pale watu wanatabasamu tu. Kazi ya pale ni kufungua mlango.

Sasa namna ya kuuharibu:

- Anza na "kulikuwa na mzee bahili kupindukia, yaani bahili hajapata kuonekana". Umeshakula mtaji. Sema "kanunua dagaa", nyamaza, halafu "mmoja".
- Mwache dagaa aongee. Huo ni uongo wa pili, na wa kwanza unakosa nguvu, maana mahali dagaa anaongea lolote linawezekana, na lolote likiwezekana hakuna linaloshtua.
- Mzee ampige mtoto kofi. Hapa ndipo penye jibu la swali lenu. Jicho la mzee ni la mchezo. Kofi lina sauti, na baada ya sauti ile kuna mtoto anayeumia ukumbini. Ubahili umebaki uleule, chumvi hujaongeza hata punje, lakini umeingiza maumivu ya kweli na watu wamerudi duniani.
- Hatua zikizidi nne au tano. Msikilizaji akishajua mtindo anatangulia mbele yako, na anayekutangulia hacheki, anasubiri umalize.

---

BintiUjiji

Fundi, hapo kwenye kutoshangaa nakupinga nusu. Kwa hadithi ya mdomo sawa. Jukwaani lazima awepo mmoja mwenye akili timamu, la sivyo watazamaji hawana wa kumshika mkono. Mgeni wa Ijumaa angekuwa mtu wangu. Anakaa, anaangalia meza, anaangalia dagaa, anaangalia watoto wanachovya. Hasemi kitu. Anachovya na yeye.

---

Fundi wa Chumvi

Dada, nimekubali, na hapo pa "anachovya na yeye" umenizidi. Sharti langu moja: asiseme "hee, mnakula kivuli?" Akisema hivyo amewacheka kwa niaba ya watazamaji na hakuna kilichobaki. Awe na sekunde mbili tatu za kimya, kisha heshima ya ugenini imshinde. Hapo tunapata kitu cha pili cha kuchekea, kwamba adabu yetu ina nguvu kuliko akili yetu.

---

Mzee wa Kanyenye

Vijana mnazunguka mbali wakati chuo cha jambo hili mnacho nyumbani. Nendeni msibani mkamwangalie mtani.

Hakuna mahali pa kuchukiza zaidi pa kufanyia mzaha kuliko penye maiti. Mzaramo akifika kwenye msiba wa Mnyamwezi anafanya nini? Anavaa koti la marehemu na kuutembea mwendo wake. Analia kilio cha uongo kikubwa kuliko cha mjane. Anamdai marehemu deni: "Inuka unilipe, usijifanye umelala." Wengine huingia kaburini wakalala, hawatoki mpaka wapewe chochote. Wengine huziba njia ya jeneza. Humwita mfiwa mtumwa wake. Na wafiwa, walio na macho mekundu, wanacheka.

Kwa nini haliwi tusi? Tazameni masharti yake.

Kwanza, haki hiyo ina mwenyewe. Si kila mropokaji ni mtani. Kuna utani wa makabila, kama huo wa Mnyamwezi na Mzaramo ambao wengi huuhusisha na enzi za misafara ya kwenda na kurudi pwani, na upo wa babu na mjukuu, wa shemeji, wa mabinamu. Mwaka 1940 Radcliffe-Brown, mtaalamu wa mila kutoka Uingereza, aliandika makala kuhusu uhusiano wa namna hii na akaitaja kanuni yake: mmoja anaruhusiwa kumdhihaki mwenzake, pengine analazimika, na mwenzake anatakiwa asikasirike. Bibi zetu hawakuhitaji makala, lakini kaupata.

Pili, unalipa kwa jasho. Mtani huyohuyo anayelala kaburini mara nyingi ndiye aliyelichimba. Anapasua kuni, anateka maji, anapika. Mtu aliyekuja kukejeli tu, mikono mfukoni, atafukuzwa hata kama ni mtani halali.

Tatu, inarudi. Leo kwako, kesho kwake, na kesho hiyo atachezewa vibaya zaidi.

Nne, kuna kikomo cha saa. Sala ikianza, mtani ni mwombolezaji kama wengine. Asiyejua kunyamaza hapo si mtani, ni mlevi.

Na kiasi? Lazima kiwe kikubwa. Mtani akija akasema kwa upole "marehemu alikuwa na deni dogo", hapo ndipo watu watakunja uso, maana linafanana na ukweli. Akidai marehemu alikopa treni nzima na mabehewa yake, hakuna anayedhani ni deni. Kuzidisha ndiko kunakomtangazia kila mtu kwamba huu ni utani. Mzaha mdogo una sumu kuliko mkubwa, na hili vijana mnalishika kinyume.

---

MwanaIsevya

Shikamoo mzee. Nimeelewa: chumvi ndiyo inayotoa ishara kwamba hatumaanishi. Sasa sisi si watani wa watazamaji wetu. Hayo masharti manne tunayapata wapi jukwaani?

---

Mzee wa Kanyenye

Marahaba. Hadithi zetu zilishajibu. Msimuliaji anaita "Paukwa!", mnaitika "Pakawa!" Mkishaitika mmetia saini. Fisi akila mama yake baada ya hapo hamwezi kulalamika.

---

Karani wa Stesheni (Kigoma, mwisho wa reli)

Naongeza viwili kutoka nje vinavyokaa vizuri na maneno ya mzee.

Cha kwanza ni cha Jonathan Swift, Ireland, mwaka 1729. Nchi ina njaa, maskini wamejaa barabarani, na wenye mashamba wanawakamua. Swift akatoa kijitabu bila jina lake, akipendekeza watoto wa maskini wauzwe kama nyama wakifikisha mwaka mmoja. Hakupiga kelele hata mstari mmoja. Kaandika kama mtu wa mipango wa wilaya: watoto 120,000, kati yao 20,000 wabakizwe kwa ajili ya uzazi, 100,000 waende sokoni. Mtoto akizaliwa ana ratili 12, akinyonyeshwa vizuri mwaka mmoja anafika 28. Mmoja anatosha sahani mbili ukiwa na wageni.

Hapo ufundi ni tarakimu. Kadiri wazo linavyotisha, ndivyo sauti inavyotakiwa kuwa ya karani. Angeandika "tuwale watoto wote!" angeonekana kichaa na kuachwa. Ratili 28 ndizo zinazofanya ucheke na kujisikia vibaya kwa wakati mmoja. Halafu angalieni anayepigwa. Mtoto ni wa karatasi. Fimbo inamshukia mwenye shamba, ambaye Swift anasema nyama hiyo inamfaa hasa, maana wazazi ameshawatafuna.

Cha pili ni New York, tarehe 29 Septemba 2001, siku 18 baada ya yale majengo mawili kugongwa na ndege za magaidi na kuanguka. Mchekeshaji Gilbert Gottfried yuko kwenye hafla ya kumkejeli Hugh Hefner, mwenye gazeti la picha za uchi. Akasema amekosa ndege ya moja kwa moja, ndege yake inapitia kwanza kwenye jengo la Empire State. Ukumbi ukamzomea, mmoja akapaza sauti kwamba ni mapema mno.

Mtu wa kawaida angeomba radhi. Yeye akahama, akaanza kichekesho cha zamani ambacho wachekeshaji wa kule husimuliana wenyewe kwa wenyewe: baba anampelekea wakala wa maonyesho mchezo wa familia yake. Katikati msimuliaji anatunga papo hapo uchafu wowote anaoweza, dakika nzima au kumi, baba, mama, watoto, mbwa. Mwisho wakala anauliza mchezo unaitwaje, baba anajibu kwa jina la kistaarabu kabisa: Waungwana. Ukumbi uleule uliomzomea ukacheka mpaka watu wakaishiwa pumzi.

Linganisheni. Sentensi ya ndege ilikuwa fupi, haikuwa na neno chafu hata moja, na ilikataliwa. Ya pili ilikuwa uchafu mtupu, ikapokelewa. Ya kwanza ilikuwa na maiti wa kweli ambao wengine walikuwa hawajazikwa. Ya pili haikuwa na mtu. Familia ile haipo, na uchafu ule ulizidi mpaka ukawa hauwezekani kimwili. Mwaka 2010 Peter McGraw na Caleb Warren, watafiti wa Marekani, walilieleza jambo hili hivi: kicheko huja pale mwiko unapovunjwa na papo hapo tukaona hakuna madhara. Kimoja kikikosekana, unapata kuchoka au unapata hasira.

---

Shereheshi_TBR

Karani, nakuheshimu, ila mkipeleka hiyo ya pili kwenye ukumbi wowote wa Tabora mtarudi kwa miguu. Tuongee ya huku.

Kwenye harusi yetu kuna meza ya wazee, kuna shehe au padri, kuna watoto wamelala mapajani. Pale uchafu wa mwili haupandi hata ukizidishwa, kwa sababu mtu hacheki akiwa amekaa na mkwe wake. Kinachokosekana si uelewa. Wamecheka sana moyoni, uso ndio umefungwa, kwa kuwa kucheka kwao ni kukiri mbele ya mkwe kwamba wameelewa. Kwa hiyo zidisheni vitu ambavyo mkwe na mkwe wanaweza kuvichekea pamoja: uchoyo, ulafi, uvivu, kujisifu, woga, kuchelewa, mahari. Ulafi wa kamati ya chakula peke yake unajaza dakika kumi.

Mambo ya kazi, haraka haraka:

Msianze na kali. Ya kwanza iwe juu yenu wenyewe, ya pili juu ya jambo la wote (maji, foleni ya chakula), ya tatu ndiyo mguse mtu. Na mtu huyo awe mwenye cheo ukumbini. Kumzidishia mwenyekiti wa kamati kitambi kinachotangulia kufika dakika tano kabla yake, sawa. Kumfanyia hivyo binti anayehudumia soda, hapana, maana mwenyekiti anaweza kukujibu kwa kipaza sauti na binti hawezi.

Kilema, ugonjwa, ugumba, marehemu wa karibuni: acheni, hata mkiombwa na bwana harusi. Hasa mkiombwa na bwana harusi.

Neno la kicheko liwe la mwisho kwenye sentensi. "Arudishwe Kibirizi, hajatumika" inafanya kazi. "Hajatumika, kwa hiyo arudishwe Kibirizi" imekufa, kwa sababu watu wameanza kucheka kwenye "hajatumika" nawe bado unaongea. Baada ya neno hilo funga mdomo, kipaza sauti shusha kidogo. Usicheke. Usirudie. Subiri kicheko kipungue kama nusu ndipo uendelee. Ukisubiri kiishe kabisa umeanza kupanda mlima upya, ukiingia mapema hawakusikii.

---

Mgebuka Mkavu

Mmesahau simu. Kila ukumbi sasa una watu 30 wanarekodi. Kile kipande cha sekunde 15 kinachopanda kwenye makundi ya WhatsApp hakina "Paukwa", hakina masharti ya utani, hakina uso wa mfiwa anayecheka. Kimebaki tusi peke yake. Utani wa kabila unaoeleweka na wote ukumbini, ukifika kwa mtu asiyekujua ni dharau kwa kabila lake. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayemtukana mtu mtandaoni kwa misingi ya rangi, asili, utaifa, kabila au dini. Kujitetea kwamba "nilikuwa natania" mbele ya polisi ni mtihani mwingine.

Dawa ni mbili. Kama mnarekodi wenyewe, wekeni ishara ya mchezo ndani ya kila kipande: vazi la kupindukia, kofia, sauti ya kuigiza, ili hata sekunde tano zikikatwa zionekane ni igizo. Na utani wa makabila uwe wa pande mbili ndani ya sentensi zinazofuatana, mtani ajibu palepale, ili anayekata alazimike kukata na jibu.

---

BintiUjiji

Na nyongeza kwa wanaotunga. Ukitaka watu wameze chumvi kubwa, tangulia na ukweli ulio wa ajabu. Kigoma tunayo MV Liemba. Meli imeundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya hapa ziwani. Mwaka 1916 Wajerumani haohao wakaizamisha kwa mikono yao isichukuliwe na adui, tena mitambo wakaipaka grisi kwanza. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, mwaka 1927 ikarudi kazini. Yote hayo ni kweli. Msikilizaji akiwa bado anatikisa kichwa, wewe endelea kwa sauti ileile: "Na abiria mmoja wa 1916 aliibuka nayo, akadai nauli yake irudishwe kwa sababu meli imechelewa." Hapo sauti ikibadilika hata kidogo, au ukikonyeza jicho, umeharibu.

Kosa la kawaida: watu hupamba ule ukweli wa mwanzo. Usiupambe. Ukiupamba wanaanza kukushuku mapema na uongo wako unakuta mlango umefungwa.

---

MwanaIsevya

Asanteni sana. La mwisho: ikitokea tumevuka, ukumbi umenyamaza ghafla, tufanyeje? Tuendelee kuzidisha kama yule wa New York?

---

Shereheshi_TBR

Kwanza tofautisha kimya. Kimya cha kutoelewa, watu wanaangaliana. Kimya cha kuudhika, watu wanaangalia chini au wanamwangalia yule uliyemgusa.

Kutoelewa: songa mbele, usieleze. Kuudhika: usizidishe juu ya mtu yuleyule. Gottfried alipozomewa hakurudi kwenye ndege, alihamia kwa familia isiyokuwepo. Nanyi hamisheni chumvi ije juu yenu: "Mniwie radhi, mwandishi wa maneno haya tulimlipa nusu, na kumbe ndiyo nusu aliyotuletea." Kisha ingiza muziki na uwape meza ya wazee nafasi ya kuongea wao. Wakikutania, pokea, usijibu hata kama una jibu zuri.

---

Mzee wa Kanyenye

Na aliyeguswa mkamwone sherehe ikiisha, si kwa simu. Nendeni na soda mkononi.

---

Shereheshi_TBR

Ya baridi, mzee.